Siku Isiyo Leo

Katika lugha zote alizodai kuzijua, kulikuwa na neno moja ambalo Marcellin hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Neno hilo ni sijui.

Alizaliwa Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi, katika nyumba ya udongo iliyotazama barabara ya Bukavu. Katika shule ya msingi alifundishwa na mwalimu aliyezoea kupita kati ya madawati akiwa na kipande cha mpira wa baiskeli mkononi. Mtoto aliyekaa kimya alipigwa. Mtoto aliyejibu vibaya alichekwa tu, na kicheko kilipokwisha mwalimu alihamia kwa mwingine. Marcellin akiwa na miaka minane alikwisha kuona njia ya kupita: sema chochote, lakini usinyamaze. Mpira ule haukumgusa tena, na tangu hapo hakuna aliyemwona amekwama.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, anakaa mtaa wa Rugenge na mkewe Olive, na kila asubuhi anapanda mpaka Nyamianda, mtaa unaotazama ziwa, kwenye zahanati ndogo ya watu binafsi alikokuwa mtu wa mapokezi. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye daftari, kutoa fishi, yaani kadi za matibabu, na kuwapanga wagonjwa kwenye benchi. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mkataba. Kilichompa jina mtaani ni kazi nyingine, ambayo haikuandikwa popote. Alikuwa na Kifuliiru cha mama yake, Kiswahili cha kila mtu, Kifaransa cha miaka minne ya sekondari, Lingala ya askari, Kirundi cha soko la Kavimvira, Kibembe cha jirani, na Kinyamulenge alichookota alipokuwa kijana, akishika kamba za ng'ombe siku za soko. Lugha saba. Wauguzi walimwita Diksionere, yaani kamusi, naye alipenda kuitwa hivyo.

Olive alijua ukweli wa lugha hizo. Siku wakwe walipokuja kumposa binti yao Aline, wazee wale kutoka Fizi waliongea Kibembe kwa muda mrefu, wakiwa wamesimama uani, na Marcellin akawatangazia ndugu zake kwa sauti kubwa kwamba wageni wanaleta mbuzi wawili. Ua mzima ukapiga vigelegele. Kumbe wazee walikuwa wanaomba viti. Wale watu walisimama karibu saa nzima, wakishangaa furaha ya wenyeji wao.

"Papa Aline," Olive alimwambia siku ile, akifuta machozi ya kicheko, "iko siku utazika muntu mwenye angali anapumua."

Alicheka naye. Hata hivyo, kila alipobahatisha, ladha fulani ilimjia mdomoni, kama ya msumari ulioshikwa kwa meno. Ilikuja mara moja, kabla hata hajamaliza kusema, kisha ikaondoka. Hakuna aliyeijua ladha hiyo ila yeye.

Jumanne moja ya masika, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile na tope la mlimani limeshuka mpaka katikati ya barabara, pikipiki ilisimama mbele ya zahanati ikiwa na watu watatu. Kati ya dereva na bibi mmoja mwembamba alikuwa amebanwa msichana wa miaka kama ishirini, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Walimshusha kama mzigo. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Dereva alikunjua kitenge, akasema wanatoka juu kwenye nyanda za malisho, akawasha pikipiki na kurudi barabarani kutafuta abiria wengine. Hivyo pakabaki wawili: msichana aliyeitwa Tuyishime, ambaye hakuweza kusema, na Uwacu, bibi yake, ambaye hakujua Kiswahili.

Muuguzi wa zamu alikuwa Laurette, mwanamke wa Bukavu mwenye mikono ya haraka na maneno machache. Alimchoma Tuyishime kidole, akasubiri, akatikisa kichwa. Malaria, tena iliyofika kichwani. Dawa ambayo angeipendelea ilikuwa imekwisha tangu barabara ilipofungwa. Ilibaki kinini ya kutundika kwenye chupa.

"Papa Marcellin! Kuja hapa. Huyu mama muzee hasikii Kiswahili hata kidogo."

"Niko hapa, Madame."

"Muulize vizuri. Huyu mutoto alishachomwa sindano ya malaria fasi ingine? Leo, jana, juzi? Kama alishachomwa, miye ninamupa dozi ndogo. Kama bado, ninaanza na kubwa. Uulize vizuri, sababu ile dozi kubwa ikipanda juu ya ingine, inaweza kusimamisha moyo."

Marcellin akamgeukia bibi, akakusanya maneno yake ya sokoni, akauliza. Uwacu akamtazama kwa shukrani ya mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa, akajibu. Alijibu mengi, haraka, kwa mdomo uliobaki na meno machache, na maneno yalimpita Marcellin kama watu wanaotoka kanisani. Katika umati ule alitambua nyuso mbili tu. Moja ni urushinge, yaani sindano. Nyingine ni ejo. Hili la pili alilijua tangu ujana wake: ng'ombe ataletwa ejo, walikuwa wakisema wachungaji, na kweli kesho yake ng'ombe aliletwa. Ejo ni kesho.

Lakini bibi alipolisema, alirusha mkono wake nyuma, juu ya bega, kama anayetupa ganda.

Marcellin aliuona mkono ule.

"Anasemaje?" Laurette aliuliza, tayari anavunja shingo ya kichupa.

"Anasema watamuchoma kesho, Madame. Kule juu, kwa posti yao ya afya, walimwambia arudi kesho kwa sindano. Basi wakaona hali inakuwa mbaya, wakaona afazali washuke huku."

"Kwa hiyo bado."

"Bado."

"Uko hakika?"

"Madame! Hii luga nilikomalia ndani yake."

Bibi hakuwa amesema habari yoyote ya kurudi. Hakuwa ametaja posti ya afya. Yote hayo Marcellin aliyashona mwenyewe, kwa uzi uleule aliowashonea wakwe mbuzi wawili, na kwa sababu yalishonwa vizuri yalifanana na kweli. Laurette akageuka na kuanza kazi. Ladha ya msumari ikamjia Marcellin mdomoni. Akasubiri iondoke.

Haikuondoka.

Alirudi kwenye dirisha lake. Mama mmoja alikuwa na mtoto anayekohoa. Akaandika jina lake. Mzee mmoja alitaka kujua kama daktari wa meno atakuja, akamjibu. Mlango wa chumba cha wagonjwa ulikuwa wazi nusu, na kutoka pale alipokaa aliona chupa imetundikwa na mrija wake, na chini ya chupa kile kijumba kidogo cha plastiki ambamo tone hujikusanya, hunenepa, hukatika. Jingine hujikusanya. Alijaribu kutazama daftari, macho yakarudi kwenye tone.

Kwa nini alirusha mkono nyuma?

Alijiambia kwamba wazee hurusha mikono ovyo. Alijiambia kwamba watu wa mlimani wana ishara zao. Kisha akachota chai kwenye chupa ya wauguzi, akampelekea bibi, apate kisingizio cha kumkaribia. Uwacu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika unyayo wa mjukuu wake kwa mikono miwili.

"Urushinge," Marcellin alinong'ona. "Ejo?"

Bibi akafurahi kwamba kuna mtu bado anajali habari hiyo. "Ejo, ejo!" alisema, akiitikia kwa kichwa. Kisha akajipiga paja kwa kiganja, pale juu ambapo watu huchomwa sindano, akakunja uso kuonyesha jinsi mtoto alivyolia.

Marcellin akamwekea kikombe cha chai miguuni. Mtu halii kwa sindano ya kesho.

Angeweza kusema wakati ule ule. Laurette alikuwa hatua sita kutoka kwake, chumba cha pili, anamfunga mtu kidonda. Hatua sita. Miguu yake ilimpeleka upande mwingine, kwenye lango. Kwa mlinzi alisema anakwenda kununua unite za simu.

Njiani hofu ilimwonyesha picha zake, moja baada ya nyingine. Aliona msichana amefunikwa kitenge kilekile alichofungwa nacho. Aliona ndugu zake wakishuka kutoka mlimani, wakiuliza nani alikuwa mkalimani, wakiambiwa, wakiuliza ni mtu wa wapi. Katika miaka yetu hii mtu huulizwa kabila lake kabla hajaulizwa habari ya asubuhi. Mfuliiru wa Luvungi aliwekwa katikati ya binti wa Kinyamulenge na dawa, na binti amekufa: nani angekubali kwamba sababu ilikuwa ujinga tu, neno moja tu? Watu wamechomewa nyumba kwa visa vidogo kuliko hicho. Akamfikiria Olive, na nyumba yao yenye mlango wa mbao.

Ndipo picha ya mwisho ikaja, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko zote, kwa sababu ilikuwa tulivu. Hakuna anayejua. Malaria huua kila wiki. Msichana alikuja akiwa amezimia, na akifa, kila mtu atasema alichelewa kuletwa. Lawama yote itabebwa na ugonjwa. Yeye hatahitaji kusema lolote. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, na akasimama katikati ya barabara ya tope, bidoni za maji za wapita njia zikimgonga magoti, akijiogopa kama mtu aliyemkuta mgeni ndani ya nyumba yake, amevaa nguo zake.

Kwa Sebagenzi hapakuwa mbali. Alikuwa Mnyamulenge wa makamo aliyehama kutoka nyanda za juu miaka mingi nyuma, sasa ana kantini ya maziwa, chumba kimoja chenye meza mbili na sufuria kubwa ya maziwa yaliyoganda.

"Diksionere!" Sebagenzi aliita kabla Marcellin hajavuka kizingiti. "Leo unakuja kunywa maziwa ao kutuuzia maneno?"

"Papa Sebagenzi, nina swali ndogo tu. Ejo ni kusema nini?"

"Ejo?" Sebagenzi akaweka kata chini, akawageukia wateja wawili waliokuwa wakinywa. "Musikie! Mwenye luga saba ananiuliza ejo!" Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Ejo, ndugu yangu, ni siku yenye haiko leo."

"Ya mbele ao ya nyuma?"

"Yote mbili. Jana ni ejo, kesho ni ejo. Sisi watu ya ng'ombe, hatugombanishe siku."

Wateja walicheka. Marcellin hakucheka. "Sasa munajua namna gani ni ipi?"

"Unasikiliza kitendo, siyo siku. Sikia: bazamutera urushinge ejo. Watamuchoma sindano kesho. Umesikia ile za? Sasa: bamuteye urushinge ejo. Walimuchoma jana. Hata mutoto wa kunyonya anajua."

Bamuteye. Sauti ya bibi ikamrudia masikioni, na safari hii umati wa maneno uligawanyika, na neno lile likasimama peke yake, wazi, limekuwepo tangu asubuhi. Hapakuwa na za. Hapakuwahi kuwa na za.

"Nani amechomwa?" Sebagenzi aliuliza, na kicheko chake kilikuwa kimeanza kupungua.

"Hapana, ni... ni kwa ajili ya wimbo. Kuna kwaya..." Ladha ya msumari. Alijisikia akianza kushona tena, hata sasa, hata hapa, mikono ya ulimi wake ikitafuta uzi yenyewe. Akafumba mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wateja walilazimika kuinama kuisikia: "Kuna binti ya kwenu kwa zahanati. Tafazali twende. Twende sasa hivi."

Walikimbia. Sebagenzi, mzito, alikuwa nyuma akitweta na kuuliza maswali, na Marcellin hakujibu hata moja. Hatua kwa hatua alikuwa anatafuta namna ya kusema. Na namna ilipatikana, kama kawaida. Ilikuja kamili, tamu: angesema bibi amekumbuka. Mzee, mchovu, alichanganya siku asubuhi, sasa ameketi, amekunywa chai, amekumbuka kwamba ilikuwa jana. Hakuna ambaye angeshangaa. Dawa ingefungwa, msichana angepona, na bibi asingejua kamwe alichosingiziwa, kwa sababu nani angemweleza?

Walipoingia, Laurette alikuwa ameinama juu ya Tuyishime, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa. Msichana alikuwa amelowa jasho, ngozi yake imebadilika rangi kama majivu yaliyonyeshewa. Robo ya chupa ilikuwa imekwisha.

"Haya mapigo sipendi," Laurette alisema bila kumtazama mtu.

"Madame," Marcellin alisema. "Ile habari ya sindano. Mama muzee amebadilisha..."

Akakwama. Uwacu alikuwa amemwinulia uso. Alikuwa bado ameshika unyayo wa mjukuu wake, na alimtazama mtu wake, yule anayemsikia, akitabasamu kidogo kwa hofu, akingoja kuelezwa.

"Amebadilisha nini?" Laurette alifoka. "Sema!"

"Hapana. Hakubadilisha kitu. Alisema tangu asubuhi, akasema vizuri. Alichomwa jana. Miye sikuelewa." Akaonyesha chupa iliyotundikwa. "Sikuelewa, na nikabuni. Ile ya posti ya afya, ile ya kurudi kesho, yote ni yangu."

Mkono wa Laurette ulikuwa umekwisha kufika kwenye gurudumu dogo la mrija kabla hajamaliza. Matone yakasimama. Alimwambia Sebagenzi amwulize bibi, Sebagenzi akauliza, na jibu likarudi mara moja: jana, saa ya mchana, pajani, kinini. Laurette akamtoboa Tuyishime kidole tena, akapima sukari, akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini, akavuta maji ya sukari kwenye bomba na kuyasukuma polepole kwenye mshipa. Akampigia daktari simu, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akakata.

"Sasa tunangoja," alisema.

Walingoja. Sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Marcellin alisimama kando ya ukuta, hakurudi kwenye dirisha lake, na wagonjwa kwenye benchi walijipanga wenyewe. Alitazama kifua cha msichana. Kila kilipopanda aliomba kishuke, na kila kiliposhuka aliogopa kwamba hakitapanda. Mvua ilianza tena, ikapiga bati kwa kelele hata pumzi za Tuyishime hazikusikika, na kwa muda ule wote wa mvua hakujua kama yuko hai ila kwa vidole vya Laurette, ambavyo havikuondoka kwenye kifundo cha mkono.

Saa sita ilipita. Mvua ilipopungua aliingia kijana mrefu aliyelowa mpaka mifupa: Ganza, kaka yake Tuyishime, aliyepata habari akiwa bondeni na kuja kwa pikipiki. Yeye alijua Kiswahili. Alimsalimu bibi yake, akagusa paji la uso la dada yake, akauliza kuna nini.

Laurette akamtazama Marcellin. Hakumwonyesha kwa kidole, wala hakumwokoa.

Kwa hiyo ikambidi aseme mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa na nafasi ya kuogopa. Alisema yote. Ganza alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, maji yakimdondoka kwenye ncha za vidole.

"Weye ni muntu wa wapi?" aliuliza.

Lilikuwa swali lenyewe. Marcellin alilisikia likija tangu asubuhi.

"Luvungi."

"Mufuliiru."

"Ndiyo."

Mtu mmoja kwenye benchi alisimama, akabeba mtoto wake, akatoka nje taratibu. Sebagenzi alifungua mdomo, Ganza akamwinulia mkono anyamaze.

"Kwa hiyo ulifanya makusudi."

"Ningefanya makusudi, ningenyamaza," Marcellin alisema. "Asubuhi hii nilitaka kunyamaza. Nakwambia kweli. Niliwaza hivyo."

Sebagenzi baadaye alisema kwamba hapo ndipo alipodhani mtu huyu anatafuta kupigwa. Ganza alipiga hatua moja. Lakini bibi alikuwa anavuta shati lake kutoka nyuma, anauliza, anataka kujua ni nini kinasemwa juu ya kichwa chake. Sebagenzi akamgeukia Marcellin.

"Nimutafsirie vile vile?"

"Vile vile."

Sebagenzi akatafsiri, na hakulainisha kitu. Uwacu alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo Marcellin aliliona kuwa baya zaidi. Ulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyeambiwa kwamba daraja alilovuka asubuhi lilikuwa la karatasi. Akasema sentensi moja.

"Anauliza," Sebagenzi alisema, "kwa nini hukumwambia arudilie? Angerudilia. Alikuwa na asubuhi muzima."

Marcellin alikuwa na lugha saba na miaka arobaini ya majibu.

"Niliogopa," alisema mwishowe.

"Uliogopa nini?"

"Kuchekwa."

Sebagenzi alilitafsiri. Likiwa limesemwa kwa lugha ya bibi, chumbani, kando ya kitanda kile, neno hilo lilikuwa dogo kiasi kwamba Marcellin aliliona aibu. Ganza alitoa sauti puani, ambayo haikuwa kicheko, akamgeuzia mgongo, akakaa sakafuni karibu na kichwa cha dada yake. Hakumsemesha tena siku ile.

Ilikuwa karibu saa kumi Tuyishime alipogeuza shingo na kuomba maji. Aliomba kwa sauti ya mtu aliyeamshwa mapema mno. Laurette alimpa kijiko kimoja, kisha kingine, akapima mapigo kwa dakika nzima, halafu ndipo akakaa chini kwenye kiti, akavua viatu vyake, akafunika uso kwa mikono. Marcellin alitoka nje nyuma ya zahanati, akanawa uso kwa maji ya mvua.

Alipojisafisha, Laurette alikuwa amesimama mlangoni na karatasi. Alikuwa ameandika taarifa, kila kitu, pamoja na saa.

"Weka sinyatire."

Akasaini. "Mutanifukuza?"

"Ile ni kazi ya daktari kuamua, siyo yangu." Alikunja karatasi. "Miye nitasema kitu moja tu. Miaka ngapi umenitafsiria, Papa Marcellin?"

"Mine, Madame."

"Mine," Laurette alirudia, akaangalia ziwa chini, lililokuwa la kijivu chini ya mawingu, na Marcellin akajua anachofanya: anawapitia wagonjwa wake wote wa miaka minne, mmoja mmoja, akijiuliza. Naye akaanza kuwapitia hao hao, na hapo hofu ikawa kubwa kuliko ya asubuhi, kwa sababu hao hawakuwa kitandani ambapo mtu angeweza kuwakimbilia. Walikwisha kwenda makwao na maneno yake.

Usiku hakulala, na asubuhi Olive alimwambia akae nyumbani. Alikwenda zahanati vilevile.

Benchi lilikuwa limejaa. Habari ilikuwa imefika kabla yake, kama habari zote za Nyamianda, na alipopita watu walisogeza miguu bila kumwangalia. Alikuwa hajafungua daftari Uwacu alipotokea kwenye mlango wa chumba, akamwona, akamjia moja kwa moja. Sebagenzi hakuwepo. Ganza alikuwa ameenda kutafuta chakula. Bibi akasimama mbele ya dirisha, akasema kitu.

Marcellin alisikia amazi. Maji. Baada ya maji lilifuata neno jingine ambalo hakulijua. Mkono wake, wenyewe, ulikuwa umekwisha kushika kikombe cha maji ya kunywa kilichokuwa mezani. Akauona mkono ule. Akakiweka kikombe chini.

Benchi zima lilikuwa linatazama.

"Subiramo," alisema. Rudia. Neno hilo alikuwa amemwomba Sebagenzi jana yake jioni, wakiachana langoni.

Bibi akarudia. Hakuelewa.

"Subiramo, mama."

"Eh!" mtu alisema kutoka mwisho wa benchi. "Diksionere imetoka ukurasa!" Watu wakacheka, hata mama mwenye mtoto mgonjwa alicheka. Kicheko kilimwingia Marcellin chini ya mbavu na kukaa humo, na alikuwa na miaka minane, na mpira wa baiskeli ulikuwa unakuja kati ya madawati. Hakuondoka dirishani.

"Sielewi," alimwambia bibi kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia. "Maji, nimesikia. Maji ya namna gani, sijui."

Uwacu hakujua maneno hayo, lakini aliutazama uso wake kwa muda. Kisha akalisema tena lile neno, polepole, silabi moja moja, akanyoosha kidole kama anayekichovya mahali, akakivuta haraka na kukipuliza.

"Ya moto?" Marcellin alisema. Akapuliza kidole chake mwenyewe. "Ya kumwosha?" Akajipangusa mkono na shingo.

Bibi akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Akatoka nyuma ya dirisha, akaenda jikoni kuomba maji ya moto, akalibeba beseni kwa mikono miwili, polepole, hatua kwa hatua, asije akammwagia mtu.